Orodha Mbili na Nyumba Moja: Shajara ya Mradi wa Wanawake wa Enzi ya Tudor

5 Januari 2025

Leo mradi umepata daftari lake. Kazi yenyewe ni hii: mihadhara mitatu kwa Kiswahili kuhusu wanawake wa Uingereza wa enzi ya ukoo wa Tudor, tangu 1485 hadi 1603, na nyumba walizoishi. Mwezi wa Septemba, msimu ambao majumba mengi ya kale ya nchi hii hufunguliwa kwa wageni bila kiingilio kwa siku kadhaa, tutamaliza kwa safari ya pamoja kwenda Hardwick Hall. Wasikilizaji ni wakinamama wanaokutana kila mwezi Sheffield katika chumba cha maktaba. Wako Watanzania na Wakenya, lakini wengi ni Wakongo wa Kivu. Kikundi cha historia cha mtaani kwetu Chesterfield, ambako mimi peke yangu ndiye mtu wa Tanga, kimekubali kugharamia chai na nakala za karatasi.

Nina miaka 14 hapa Chesterfield. Ukishika barabara ya M1 kuelekea kusini, utaona juu ya kilima jumba hilo la Hardwick, lenye minara sita, na kichwani mwa kila mnara herufi mbili kubwa za mawe, E na S. Nilipouliza mara ya kwanza nikaambiwa hilo ni jina la mwanamke, Elizabeth Shrewsbury, ambaye watu wa huku humwita Bess wa Hardwick. Ameandika jina lake angani zaidi ya miaka 400 iliyopita na bado linasomeka. Tangu siku hiyo nimetamani kumsimulia kwa lugha yangu.

18 Januari

Rasimu ya kwanza nimeitupa yote.

Nilikuwa nimefuata njia inayofuatwa na kila anayemsimulia Bess: waume wanne. Robert Barlow, aliyefariki 1544 wote wawili wakiwa bado wadogo. Sir William Cavendish, mweka hazina wa mfalme, aliyefunga naye ndoa tarehe 20 Agosti 1547 saa nane usiku (tunaijua saa kwa sababu bwana aliiandika mwenyewe). Akamzalia watoto wanane, sita wakakua. Sir William St Loe, kapteni wa walinzi wa Malkia Elizabeth, 1559. Halafu George Talbot, Earl wa Shrewsbury, mmoja wa makabaila matajiri kabisa wa Uingereza, 1567. Nilipoisoma kwa sauti nikasikia habari za wanaume wanne, na mke anapita kati yao kama sanduku linalohamishwa nyumba hadi nyumba.

Nimeanza upya, safari hii kwa sheria. Mwanamke wa Kiingereza wa zama zile akiolewa, yeye na mumewe walihesabiwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mume. Fedha, mifugo na vyombo alivyokuja navyo vilikuwa vya mume. Mapato ya ardhi yake aliyashika mume. Mkataba kwa jina lake mwenyewe hakuweza kuuweka. Aliyekuwa na kauli ni mjane: alinunua, aliuza, alishtaki na kushtakiwa, aliandika wasia.

Sasa tazama tarehe. Earl wa Shrewsbury alifariki Novemba 1590. Hardwick Hall mpya ilianza kujengwa mwaka huohuo wa 1590, ilhali hatua chache tu kutoka hapo kulikuwa na jumba jingine la Bess ambalo mafundi walikuwa hawajalimaliza. Akahamia ndani Oktoba 1597, akikaribia miaka 70. Nyumba ile ni ya mjane, tangu msingi hadi kwenye zile herufi, na mhadhara utaanzia hapo. Waume watapata dakika tano.

30 Januari

Nimelazimika kuchapisha upya vipeperushi. Vile vya kwanza viliandikwa kwamba tutatembelea jumba alimofungwa Mary, Malkia wa Uskoti. Nilikuwa nimeisikia habari hiyo mara nyingi hapa Derbyshire, na ndani ya Hardwick kuna chumba chenye jina lake hadi leo. Lakini Mary alikatwa kichwa katika ngome ya Fotheringhay tarehe 8 Februari 1587, zaidi ya miaka mitatu kabla jumba halijaanza kujengwa. Hakulala humo hata usiku mmoja. Kosa ni langu, na nimelipia karatasi kutoka mfukoni mwangu.

Hata hivyo kosa limenipa zawadi. Mary aliwekwa chini ya ulinzi wa mume wa Bess kuanzia 1569 hadi 1584, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliimaliza Sheffield, kwenye ngome ya mjini na kwenye lile jumba la kilimani, Manor Lodge, ambalo magofu yake bado yapo. Baadhi ya wakinamama wangu huyapita wakiwa ndani ya basi wakienda kazini. Malkia wa Uskoti alikuwa mtu wa mtaani kwao! Kipeperushi kipya kinasema hivyo.

13 Februari

Bess alifariki tarehe kama ya leo, 1608. Nimechukua treni hadi Derby kuliona kaburi lake katika kanisa kuu. Kaburi alilisimamia mwenyewe akiwa hai, na mchoro ulitolewa na Robert Smythson, bingwa yuleyule aliyechora Hardwick. Kwetu mtu huandaa sanda yake, akaikunja vizuri na kuwaonyesha wanawe ilipo. Nilikaa mbele ya ile sanamu iliyolala kwa muda mrefu kuliko nilivyopanga, nikamwambia kwa Kiswahili kwamba Jumamosi ya wiki ijayo atatajwa.

22 Februari — mhadhara wa kwanza

Walikuja watu 23. Nilikuwa nimeandaa viti 15.

Nilianza na uyatima. Baba yake Bess alifariki 1528, Bess akiwa mtoto wa kubebwa. Mrithi alikuwa kaka yake, naye mtoto. Kwa sheria za wakati huo, mrithi wa aina fulani ya ardhi akiwa bado mdogo, sehemu ya ardhi hiyo ilishikwa na serikali ya mfalme hadi akue, na ulezi wake uliweza kuuzwa kama bidhaa. Kabla sijafika mwisho wa sentensi, mama mmoja wa Bukavu aliinua mkono: "Mama, hata kwetu ni vile. Baba akikufa, bandugu wanakuja kupima nyumba mbele ya matanga kuisha." Chumba kizima kikaguna. Nikaacha karatasi yangu wasimulie wao kwanza.

Tulipofika kwenye haki ya mjane ndipo mhadhara ulipochukuliwa na wenyewe. Mjane wa Kiingereza alistahili theluthi ya ardhi ya marehemu mumewe. Bess alipofiwa na Barlow alinyimwa theluthi hiyo, akaifuata mahakamani binti mdogo vile, akaipata. Bibi mmoja wa Mombasa, mkubwa kuliko sote, akauliza: "Theluthi nzima? Sisi twapewa thumuni ukiwa na watoto, robo ukiwa huna. Hawa walitushinda?"

Nikamjibu kwa adabu kwamba theluthi ile ilikuwa ya kula matunda yake tu maisha yake yote. Hakuweza kuiuza wala kuirithisha. Akifa inarudi kwa warithi wa mume. Na tangu siku ya harusi alikuwa ameshapoteza mamlaka juu ya mali aliyotoka nayo kwao, wakati mwanamke wa Kiislamu hubaki na chake mkononi mwake ndani ya ndoa. Bibi akafikiri kidogo. "Basi thumuni yangu ni ndogo, mwanangu, lakini ni yangu." Mwenzake wa Kongo, Mkatoliki, akamwambia kwamba kwao sheria ipo ila bandugu hawaijui kusoma. Wamebishana hadi mtunza maktaba akaja kuzima taa.

Sikupata nafasi ya kueleza ujanja wa Bess, nao ndio kiini. Baada ya funzo la Barlow hakuitegemea tena theluthi peke yake. Cavendish aliponunua Chatsworth mwaka 1549 kwa pauni 600, mali ilipangwa kwa namna ambayo Bess angebaki nayo maisha yake yote. Cavendish alipofariki 1557 akamwachia deni la zaidi ya pauni 5,000 kwa serikali, lakini Chatsworth haikumponyoka. Aliijua karatasi. Nitaanza na hilo mhadhara ujao.

9 Machi

Nasoma kuhusu hesabu za ujenzi wa Hardwick, ambazo zimehifadhiwa. Bess alizikagua na kuweka sahihi yake mwenyewe. Mawe yalichimbwa pale pale kilimani, madini ya risasi ya kuezekea yalitoka kwenye migodi yake, vioo kwenye tanuri lake la Wingfield, mbao kwenye misitu yake. Ndiyo maana aliweza kuweka madirisha makubwa namna ile, wakati kioo kilikuwa anasa, hadi watu wakatunga msemo kwamba Hardwick ina kioo kingi kuliko ukuta. Kadiri unavyopanda ghorofa, madirisha yanarefuka: chini watumishi, katikati familia, juu kabisa vyumba vya heshima vya kumpokea malkia. Malkia hakuja kamwe.

12 Aprili — mhadhara wa pili, uani

Huu ndio niliouogopa na ndio uliofana. Sikutaka wakinamama waondoke wakidhani kila mwanamke wa zama zile aliishi kwenye minara. Walio wengi waliishi katika nyumba za mbao na udongo, zile zinazoitwa hapa nyumba nyeusi na nyeupe. Nilionyesha picha ya Little Moreton Hall ya Cheshire, iliyopinda kila upande kama mzee aliyeegemea fimbo, kisha picha ya kipande cha ukuta kilichobanduka plasta. Ndani unaona nguzo za mwaloni, katikati yake fito zimesukwa, na juu ya fito udongo uliochanganywa na majani makavu na mavi ya ng'ombe, kisha chokaa.

"Mbavu za mbwa!" Wamesema watatu kwa pamoja, wa Tanga, wa Kilifi na wa Kigoma.

Ndiyo, mbavu za mbwa. Nimeishi hapa miaka 14 nikiwasikia Waingereza wakizisifu nyumba hizi kwa jina lao la kigeni kama kwamba ni siri ya Ulaya, na sisi watoto wa pwani na bara tumekandika kuta za namna hiyo kwa mikono yetu. Tofauti ipo: kwetu ni boriti na fito za porini au mikoko, hapa ni mwaloni uliokatwa kwa viungo vya kuchomekana na kufungwa kwa vigingi vya mbao. Nyumba ya mwaloni hubomolewa vipande vipande ikajengwa kwingine. Pia nimewaambia kwamba ule weusi wa nguzo ni mtindo ulioenea zaidi katika karne ya 19. Zamani mbao nyingi ziliachwa zigeuke kijivu zenyewe au zilipakwa chokaa pamoja na ukuta.

Kikundi cha historia kilituletea fremu ya mbao yenye fito, ndoo nne za udongo, na mavi ya ng'ombe ya shambani. Watoto wa Kiingereza waliokuja na wazazi wao waligusa kwa ncha ya kidole. Mama wa Kigoma akakunja mikono ya gauni, akafunga kitenge kiunoni, akauonja udongo kwa kuusugua viganjani na kusema una maji mengi. Akaongeza majani. Kisha akafundisha: unatupa kwa nguvu uingie kati ya fito, mwenzako yuko upande wa pili anatupa pia, udongo unakutana katikati na kushikana. Mwenyekiti wetu, mzee wa miaka 78 aliyefanya maonyesho haya mara nyingi, alimwomba arudie taratibu ili aandike. Nilifurahi hadi nikashindwa kutafsiri kwa muda.

Tulipokuwa tunakausha mikono niliwasomea habari ya padri William Harrison, aliyeandika kuhusu Uingereza mwaka 1577. Anasema wazee wa kijiji chake waliona mambo matatu yamebadilika sana katika umri wao: dohani zimekuwa nyingi, wakati zamani moshi ulitoka kwenye moto wa katikati ya nyumba ukatafuta njia juu, vyombo vya mbao vimekuwa vya madini, na matandiko yamekuwa mazuri, kwani zamani mto wa kulalia ulionekana ni wa mwanamke mzazi tu. Mwanamume mwenye nguvu alilaza kichwa kwenye gogo. Hilo la mto liliwashika. Wakunga wawili waliomo katika kikundi walitaka kujua mzazi alipewa nini kingine. Niliwaeleza chumba cha uzazi kilivyokuwa: madirisha yamefunikwa, moto unawaka, wanaume hawaingii, majirani wa kike wamejaa, na baada ya siku kama arobaini mama anakwenda kanisani kushukuru.

"Arobaini," akasema bibi wa Mombasa, akahesabu kwa vidole kama anayethibitisha.

18 Mei

Chumba tulichoahidiwa kwa mhadhara wa tatu kimepewa watu wengine bila sisi kuambiwa. Imeniuma, maana kipeperushi kimeshatoka. Mama mmoja ametupatia sebule yake na ya jirani yake. Sawa.

14 Juni — mhadhara wa tatu, sebuleni

Mada ya leo ndiyo niliyoibeba moyoni tangu Januari: orodha mbili.

Ya kwanza ni ya 1601. Bess, akijiandaa kuandika wasia, aliagiza kila kitu kilichomo katika majumba yake kiorodheshwe chumba kwa chumba. Ukiisoma unatembea ndani ya nyumba na taa mkononi. Yapo mazulia ya Uturuki, ambayo mengi hayakukanyagwa, yalitandikwa mezani. Vimo vitanda vya watumishi vilivyowekwa hadi kwenye vipito vya ngazi. Chumba cha kulala cha Bess mwenyewe kimejaa makasha, na kitanda chake kimerundikiwa mablanketi, na matandiko mengine yametundikwa mbele ya dirisha na mlango kuzuia upepo. Aliyejenga nyumba ya vioo alisikia baridi ndani yake! Wakinamama walicheka kwa huruma, kwa sababu kila mmoja wetu ana hadithi ya majira yake ya kwanza ya baridi na mablanketi ya kuazima.

Orodha ya pili ni ya 1625, imevuka enzi ya Tudor kwa miaka 22, na sikuona sababu ya kuiacha nje kwa miaka hiyo. Katika kijiji cha Almondsbury karibu na Bristol alifariki mwanamke mweusi aliyeitwa Cattelena, hana mume, si mtumwa, na vitu vyake vikaorodheshwa kama vya mwanakijiji mwingine yeyote. Jumla: pauni 6, shilingi 9 na peni 6. Kitu cha thamani kubwa kuliko vyote kilikuwa ng'ombe. Halafu kitanda na matandiko yake, vyungu vidogo, kinara cha mshumaa, vijiko dazeni moja, kitambaa cha meza, nguo zake za kuvaa. Na kasha moja.

Niliposema kasha nilinyamaza. Sikupanga kunyamaza.

Sebule nzima ilikuwa inanitazama. Mtu akauliza taratibu, "Alitoka wapi?" Nikaeleza kinachojulikana kwa jumla: Waafrika walikuwepo Uingereza ya wakati huo, si wengi, wengi wao wakija kupitia Hispania, Ureno na Afrika ya Kaskazini na Magharibi. John Blanke alipiga tarumbeta katika jumba la Henry VIII, na picha yake juu ya farasi imechorwa kwenye hati ya mashindano ya Westminster ya 1511. Catalina wa Motril alikuja na Catherine wa Aragon kutoka Hispania, kazi yake kutandika kitanda cha binti mfalme. Mary Fillis, binti wa mfuma vikapu wa Moroko, alikuwa mtumishi wa mshonaji wa London aliyeitwa Millicent Porter, na alibatizwa tarehe 3 Juni 1597, miezi minne kabla Bess hajahamia Hardwick mpya.

Lakini wakinamama walikuwa bado na Cattelena. Walitaka kujua ng'ombe. Mama wa Bukavu alisema ng'ombe ni maziwa, maziwa ni siagi, siagi ni pesa ya soko: "Ule mama alikuwa na biashara." Nadhani amesema kweli kuliko vitabu vingi nilivyosoma. Mwenye ng'ombe wa maziwa kijijini hakuwa wa kuomba. Mwingine alihesabu vijiko. Dazeni moja kwa mtu anayeishi bila mume: basi alikaribisha watu.

Bess ana wanahistoria, ana kaburi la sanamu, ana herufi angani. Cattelena ana karatasi hii. Na katika nyumba zote mbili palikuwa na kasha lililofungwa, na ndani yake vitu vilivyokunjwa na mwanamke aliyejua kila kimoja kilipo. Leo ndiyo siku niliyoona mradi huu nauelewa.

Bibi wa Mombasa alitusimulia la mama yake: la mninga, misumari ya shaba, droo ya siri chini. Lilikuwa benki. Liliuzwa na mjomba kwa mtalii.

6 Julai

Nimekwenda Hardwick peke yangu kupima safari. Ngazi ni ndefu na pana, za mawe, zinapinda na kupinda. Bibi wa Mombasa na wengine wawili hawataweza kupanda zote. Nimezungumza na wahudumu kuhusu viti vya kupumzikia. Ndani ni giza makusudi, mapazia yameshushwa, kwa sababu mwanga unakula rangi ya vitambaa. Lazima niwaambie mapema wasidhani wamenyimwa.

Vya kutazama, nimechagua vitatu tu.

Kwanza, vitambaa vya wanawake mashujaa: Penelope, Lucretia, Artemisia, Zenobia malkia wa Palmyra. Vilishonwa Chatsworth miaka ya 1570. Nyenzo zake ni majoho ya mapadri ya hariri na nyuzi za dhahabu, yaliyotawanyika baada ya Henry VIII kuvunja nyumba za watawa. Majoho yalikatwa, yakashonewa upya kuwa wanawake wenye nguvu. Hapo nitasimama muda mrefu. Mafundi wa kushona tunao sita kikundini.

Pili, mapazia ya ukutani ya hadithi ya Gideoni katika ukumbi mrefu, vipande 13, kila kimoja kinakaribia kimo cha mita 6. Bess aliyanunua 1592 kutoka kwa warithi wa Sir Christopher Hatton, aliyekuwa mkubwa katika serikali ya Malkia Elizabeth, kwa pauni 326, shilingi 15 na peni 9, akapunguziwa pauni 5 kwa sababu ilibidi afunike nembo ya Hatton na kuweka yake. Paa jike wa Hatton wakaongezewa pembe, wakawa paa dume wa Hardwick. Kuyasafisha na kuyatengeneza kumechukua miaka 24, kazi ikakamilika 2023.

Hapa nina jambo la kuwaambia watu wa pwani. Majira yale ya baridi ya 1591 kuingia 1592 Bess alikuwa London akinunua vitu vya nyumba yake. Majira hayohayo, meli ya Kiingereza iitwayo Edward Bonaventure, nahodha wake James Lancaster, ilikuwa imetia nanga Zanzibar tangu Novemba hadi Februari, ikisubiri upepo. Bess hakujua Zanzibar, wala Zanzibar haikumjua Bess, lakini mwaka ni mmoja, na ukiuweka hivyo ukutani, historia ya huku na ya kwetu zinakaa kwenye kalenda moja.

Tatu, sakafu. Imetandikwa mikeka! Imesukwa kwa majani ya kando ya mito, ukili mpana ulioshonwa pamoja kama wetu, na inanukia nyasi.

13 Septemba — safari

Mabasi madogo mawili, watu 29, watoto saba. Mvua asubuhi, jua mchana.

Watoto waliziona herufi kabla yetu na wakaanza kubishana nani ana jina la E. Ngazini tulikwenda polepole, bibi wa Mombasa akipumzika kila kituo na kukataa kubaki chini. Alifika juu. Ukumbini, badala ya kutazama Gideoni, aliinama akaushika mkeka kwa vidole, akahesabu mishono, akaniambia kwamba aliyeufuma huu ana haraka.

Mbele ya Penelope mafundi wetu walikaa nusu saa. Walikuwa wanatafuta mahali ambapo joho la padri liliungwa, na walipata viungio viwili ambavyo mhudumu hakuwa ameonyeshwa na mtu. Mama wa Bukavu alisoma jina la sura zilizosimama pembeni ya Penelope, Ustahimilivu na Subira, kisha akaniuliza Bess alisubiri nini. Nikamwambia: alisubiri asikilizwe kwa jina lake mwenyewe. Akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Huyu alikuwa anashona. Mwenye kushona hasubiri." Nimeliandika kama alivyolisema.

Wa Kigoma alitaka kuona nyumba za wafanyakazi, na hazipo za kuonyeshwa. Tukatoka nje, tukala sambusa na chapati kwenye nyasi, tukitazamana na magofu ya jumba la zamani.

27 Septemba

Tumefanya hesabu: tumebakiwa na pauni 11 na fremu moja ya udongo uliokauka bila ufa, ambayo kikundi cha historia kimeomba kuiweka kwenye maonyesho yao yajayo. Mwenyekiti ametaka jina la fundi liandikwe chini yake. Litaandikwa.

Wakinamama wameamua wenyewe kazi inayofuata. Kila mmoja ataandika orodha ya vitu vya mama yake au bibi yake, chumba kwa chumba, kama anavyovikumbuka, na tutavihifadhi maktaba. Nimenunua daftari kubwa lenye jalada gumu na kuchora safu tatu: kitu, mahali kilipokaa, thamani.

Orodha ya kwanza imeletwa leo na bibi wa Mombasa, imeandikwa na mjukuu wake kwa penseli. Kitanda cha besera kimoja. Mikeka minane, miwili ya kuswalia. Sufuria tano, mbuzi wa kukunia nazi, kinu na mchi. Leso doti sita, mbili hazijavaliwa. Kasha moja la mninga lenye misumari ya shaba, chumbani, upande wa kichwani.

Safu ya thamani ya kasha ameiacha wazi. Nilipomuuliza, akasema atanijibu Oktoba.